Marekani kugeuzwa kichwa cha mwendawazimu na Ulaya kwenye Mosconi Cup: tatizo ni nini hasa?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Nimebishana na washkaji zangu wiki nzima, sauti imekauka, nikaona nilimwage jambo hili hapa.

Kwa wasiofuatilia: Mosconi Cup ni pambano la pool la kila mwisho wa mwaka kati ya timu ya Marekani na timu ya Ulaya. Lilianza 1994 kule Romford, London, likapewa jina la Willie Mosconi, gwiji wa Marekani aliyefariki mwaka mmoja kabla. Wanacheza mipira tisa: unaanza kugonga namba ndogo iliyobaki mezani, na anayeitumbukiza 9 kihalali ndiye mshindi wa gemu. Siku hizi timu ina watu watano. Anayetangulia kufikisha gemu tano anaipa timu yake pointi moja, na timu ya kwanza kufika pointi 11 inabeba kombe.

Zamani Ulaya ndio waliokuwa wakinyolewa. Kuanzia 1996 hadi 2001 Marekani walibeba mara sita mfululizo, na ile ya 2001 iliisha 12–1 (enzi hizo kombe lilikwenda kwa wa kwanza kufika 12). Sasa angalia 2010 hadi 2024: makombe 15, Ulaya wamechukua 13. Marekani wameambulia 2018 na 2019 tu.

Washkaji wanasema Marekani imeishiwa vipaji. Mimi nakataa. Shane Van Boening amekuwa kwenye timu tangu 2007. Aprili 2022 alichukua ubingwa wa dunia kwa kumchapa Albin Ouschan wa Austria 13–6 kwenye fainali. Mwaka huohuo, Las Vegas, mbele ya watu wake, timu yake ikalala 11–7. Nyota wanaye. Wanachokosa ni mtu wa nne na wa tano. Ulaya mwaka ule ukimkwepa Joshua Filler ulikutana na Jayson Shaw, ukimkwepa Shaw ulimkuta Ouschan. Hakukuwa na pa kupumulia.

Karibuni tuchambue.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, unatafuta mchawi wakati hakuna maiti. Gemu tano ni mechi? 9 ikidondoka kwenye mpigo wa kwanza wa kuvunja mipira, gemu inaweza kuisha papo hapo, mwenzio hajashika hata chaki. Wape mechi ya gemu mia moja ndipo tujue nani ni nani. Hiyo ni shilingi inarushwa juu.

Mleta mada:
Shilingi ikianguka upande uleule mara 13 kati ya 15, mimi naiokota naikagua. Halafu mechi fupi humsaidia mnyonge, si mbabe. Kama ni bahati, basi Marekani ndio walitakiwa waokoke humo mara nyingi zaidi.

Mchangiaji wa 2:
Mimi nawasikiliza tu Wabongo mkitoa povu. Mbona hamsemi kwamba ni nchi moja inapigana na bara zima? Mjerumani, Mskoti, Mholanzi, Mhispania, Mgiriki, wote kikapu kimoja. Tungefanya Kenya dhidi ya Ulaya nzima kwenye mbio ndefu, hapo sawa, tungewapiga bado, lakini si kila mtu ni sisi. 😂 Weka Marekani na Ujerumani peke yake uone.

Mleta mada:
Hilo bara zima lilikuwepo pia 1996, ndugu yangu. Lilikuwa likichapwa hata likiwa limeazima watu wa snuka, ule mchezo jirani wa pool. Steve Davis, bingwa wa dunia wa snuka mara sita, alivaa fulana ya Ulaya miaka mingi. 2002, ukumbi wa York Hall, Bethnal Green, yeye ndiye aliyemaliza kazi dhidi ya Earl Strickland wa Marekani, Ulaya wakashinda 12–9. Mtu aliyezoea meza ya futi kumi na mbili na vitundu vyembamba anammaliza gwiji wa pool kwenye mchezo wake mwenyewe! Ukubwa wa bara peke yake haukuwahi kuwasaidia kitu.

Na Marekani nao wameshaazima. Fedor Gorst, mzaliwa wa Moscow, alichukua ubingwa wa dunia 2024 kule Jeddah, kisha mwisho wa mwaka akacheza upande wa Marekani. Mabingwa wawili wa dunia timu moja, nyumbani Orlando. Wakafungwa 11–6.

Mchangiaji wa 3:
Mleta mada umeanza vizuri ila umemruka mtu muhimu kuliko wote: Johan Ruijsink. Huyu Mholanzi alikuwa kapteni asiyecheza, yaani kama kocha, wa Ulaya walipokuwa wakiwanyanyasa Marekani. Marekani wakaona isiwe tabu, wakamchukua yeye. Mwaka wa kwanza, 2017, akapigwa 11–4. 2018 akaenda London, Alexandra Palace, katikati ya kelele za Waingereza, akashinda 11–9. 2019 akarudia Las Vegas, 11–8. Alipoondoka, 2020, wakapigwa 11–3.

Van Boening alikuwepo kabla yake, wakati wake na baada yake. Sasa huyo mtu wako wa nne na wa tano alizaliwa 2018 akafa 2020? Tatizo ni maandalizi. Wamarekani wanakuja kama wasafiri watano waliokutana stendi.

Mleta mada:
Hapo umenibana, nakubali kidogo. Lakini kumbuka mchezaji bora wa 2018 na 2019 alikuwa Skyler Woodward wa Kentucky, mara zote mbili, si Van Boening. Ruijsink alimpata mtu wa pili anayewaka. Ukiwasha mmoja unaweza kushinda kwa pointi mbili tatu. Na 2020 walicheza bila mashabiki ukumbini, ule mwaka mimi sitaki kuujengea hoja.

Mchangiaji wa 4:
Niko Ohio mwaka wa tisa, naendesha lori, kila Jumanne nacheza ligi ya mtaa. Niwaeleze kinachoonekana huku.

Ligi zetu ziko baa. Meza ni ya futi saba, ile wanayochezea akina Van Boening ni futi tisa. Mchezaji mzuri anapewa mzigo: mimi nikicheza na mdhaifu natakiwa nishinde gemu nyingi kuliko yeye. Ni raha, watu wanakunywa, lakini hakuna anayefundishwa kitu. Mwenye kipaji kweli anatoka hapo kwenda kucheza kwa dau, yeye na mfadhili wake. Huko unajifunza kujitegemea. Kupokezana zamu mezani na mwenzako wa timu huku dunia inakutazama hujifunzi.

Ulaya wana klabu zenye vijana, wana mashindano ya vijana ya bara, na ziara yao ya Euro Tour ipo tangu 1992. Filler alikuwa mchezaji bora wa Mosconi 2017 akiwa na miaka 20. Pambano lilikuwa Las Vegas, mji ambao kwa umri ule asingeuziwa hata bia.

Mchangiaji wa 1:
Kwa hiyo kinachowamaliza Marekani ni sheria ya pombe? Leo nimesikia mapya.

Mchangiaji wa 4:
Cheka tu. Kuna dogo hapa, kama miaka kumi na sita hivi, baba yake humleta jioni. Ana mkono mlaini, ukimwangalia anavyouacha mpira mweupe pale anapoutaka unaona aibu kushika fimbo. Ikifika saa tatu usiku anatakiwa atoke, ndio utaratibu wa pale. Jumanne iliyopita alikuwa amebakiza 8 na 9, zote ziko wazi. Mhudumu akaja, akamgusa bega. Dogo akaegemeza fimbo ukutani, akavaa koti, akasimama mlangoni anachungulia. Baba akamalizia.

8 ikaingia. 9 akaikosa.