Natakiwa kutoa baraka kwenye sendofu ya binti wa marehemu kaka. Nina mamlaka hayo?

BabaMdogo
Wakuu, habari za jioni. Kaka yangu alishatangulia mbele ya haki, na binti yake ana sendofu mwezi ujao. Kamati imeniandika kwenye ratiba: "baraka za baba". Shangazi yake kaja juu. Anasema kubariki ni kazi ya mchungaji, ndivyo ilivyo tangu Agano la Kale, sisi wengine tutoe zawadi tukae. Mimi si mzee wa kanisa wala shemasi. Wanaojua Maandiko nisaidieni: kwa Waebrania nani alibariki, na alisema nini hasa?

Mlokole Mstaafu
Shangazi ana pa kusimamia. Hesabu 6 inawapa Haruni na wanawe maneno yenyewe: "Bwana akubarikie, na kukulinda..." Ila mwambie asome hadi mstari wa 27. Makuhani wanatamka, halafu Mungu anasema "nami nitawabarikia". Hata kuhani hakuwa na baraka yake mfukoni.

Mama Kulwa
Hiyo ilikuwa ya taifa zima. Ya nyumbani ipo, tena ni sendofu kabisa! Mwanzo 24:60, Rebeka anaondoka kwenda kuolewa na Isaka. Wanaombariki ni watu wa kwao, kaka yake Labani akiwemo (huyu huyu aliyekuja kumzungusha Yakobo kwenye mambo ya mahari). Wanamtakia awe mama wa maelfu, na wazao wake wamiliki malango ya adui zao. Kuhani hatajwi. Ukija Ruthu 2:4, wavunaji wanambariki Boazi, bosi wao, palepale shambani. Na Mwanzo 47 Yakobo, mzee aliyekimbia njaa, anambariki Farao.

Kizibo
Farao kabarikiwa na mkimbizi katulia, wewe unamwogopa shangazi 😂

Ngosha wa Ziwani
Mzaha kando. Mamlaka unayo, lakini chunga mdomo. Isaka alidanganywa, akambariki Yakobo akidhani ni Esau. Alipogundua alitetemeka, ila hakufuta: "naye atabarikiwa". Kwao neno la baba likishatoka limetoka. Na ile Mwanzo 49 tunayoiita baraka za Yakobo, isome vizuri: Reubeni, Simeoni na Lawi walisemwa vibaya mbele ya ndugu zao wote. Ukishika maiki usianze kumkumbusha binti makosa ya ujana, wala kuwarushia wakwe mafumbo.

BabaMdogo
Nimewaelewa. Sasa niseme nini? Kaka alikuwa muongeaji, mimi sijui hotuba.

Mama Kulwa
Fuata Mwanzo 48, Yakobo na wana wa Yusufu. Haanzi na matakwa. Anaanza na Mungu ambaye Ibrahimu na Isaka walienda mbele zake, aliyemlisha yeye maisha yake yote na kumwokoa na maovu. Kisha anaomba jina lake na la baba zake litajwe juu ya vijana wale. Kwa hiyo mtaje kaka yako kwa jina, na babu yenu pia. Binti hana baba wa kumshika kichwa siku hiyo, asikie ametoka kwa nani. Baada ya hapo mtakie vitu vinavyoonekana. Isaka alitaja umande, nafaka na divai, hakuishia kwenye "mafanikio tele". Wewe taja watoto, chakula, amani na mumewe, na kwamba kwenu mlango uko wazi.

Mlokole Mstaafu
Hapo naafiki. Na mchungaji akiwepo, apewe nafasi yake, hamgombanii kitu.

BabaMdogo
Kamati imenipa dakika tano tu.

Ngosha wa Ziwani
Nyingi hizo. Baraka ya Haruni kwa Kiebrania ina maneno 15: mstari wa kwanza 3, wa pili 5, wa tatu 7. Yako iandike kwenye karatasi, jina la marehemu liwe juu kabisa, maana ndipo sauti itakapokukatika.