Mjadala: njia ya kupiga kura tuipime kwa kipimo gani?

Wa Kikwajuni:
Jamani, kila tukizungumza uchaguzi tunaishia nani kashinda, hatufiki kwenye ile njia ya kugeuza kura kuwa viti, na mie nasema njia hiyo inapimika kwa hesabu. Chukueni uchaguzi wa Zanzibar wa Julai 1963, wa vyama vitatu: ASP, ZNP na ZPPP. ASP walipata kama asilimia 54 ya kura, ZNP kama 30, ZPPP kama 16. Viti 31: ASP 13, ZNP 12, ZPPP 6, hao wawili wa mwisho wakaungana wakaunda serikali. Yaani zaidi ya nusu ya kura, viti asilimia 42! Tuache kwanza nani alikuwa na haki. Kura za ASP zilirundikana kwenye majimbo waliyoshinda kwa mbali mno, na kura inayozidi pale haileti kiti cha pili.

Mtaalamu mmoja wa Dublin, Michael Gallagher, alitoa kipimo mwaka 1991: kwa kila chama, asilimia ya kura toa asilimia ya viti, jibu lizidishe kwa lenyewe, jumlisha vyama vyote, gawa kwa 2, tafuta kipeuo cha pili. Sifuri maana yake viti vimefuata kura sawasawa. 1963 nimepiga hesabu nimepata kama 11. Afrika Kusini, wanaogawa viti kwa uwiano, yaani fungu la viti la chama linafuata fungu lake la kura, wako chini ya 1. Sasa nambieni kwa nini sie tusigawe hivyo Baraza la Wawakilishi.

Wa Wete:
Sheikh, hesabu nzuri lakini umepima kitu kimoja tu. Sie huku tunataka mwakilishi tunaemjua, maji yakikatika tujue twende kwa nani. Ukigawa kwa uwiano watu watapigia chama, na chama ndo chenye orodha ya majina; majina hayo yatapangwa mjini, wa shamba hana mtu, na hilo kwenye kipimo chako halionekani kabisa. Na urais jee? Kiti kimoja hakigawiki.

Wa Kikwajuni:
La mwakilishi nakubali ni zito, ndo maana New Zealand baada ya kura ya maoni ya 1993 wakaweka kura mbili, moja ya mtu wa jimbo na moja ya chama, viti vya chama vinafidia pale majimbo yalipopotosha. Wanautumia tangu 1996 na mbunge wa jimbo bado wanae.

Urais unataka kipimo chengine, cha Condorcet, Mfaransa wa 1785: mshindi angewashinda wenziwe wote wakiwekwa wawili wawili? Wengi wanasema tupange wagombea 1, 2, 3: kila raundi anatolewa mwenye kura chache, na kura zake zinakwenda kwa anaefuata kwenye karatasi. Burlington kule Marekani walipanga hivyo kwenye umeya 2009, na karatasi zenyewe zilionesha mgombea Montroll anamshinda kila mmoja wakiwekwa wawili wawili, lakini akatolewa kabla ya raundi ya mwisho kwa kuwa waliomuweka wa kwanza hawakutosha, akashinda mgombea mwengine, Kiss.

Kwa Baraza mie nasimama na kura mbili. Kwa urais, anaependa kupanga 1, 2, 3 anijibu kwanza hili la Burlington.