Ziara za kutembea na kuonja: wanatuingiza mjini kwa miguu yetu wenyewe

Wakuu, huu uzi ni wa hasira na sitaupaka sukari.

Hizi ziara za kutembezwa mtaani, "saa 3, vituo 7, onja vyakula, ujue utamaduni", zimegeuka biashara ya kuuza foleni. Anayelipa haonji cha maana, hasikii cha maana, na wenye mtaa wanabaki na kero. Msiniambie ni mwongozaji mmoja mbovu. Ubovu uko kwenye hesabu ya ziara yenyewe, na aliyeipanga anaijua.

Saa 3 ni dakika 180. Mtu mzima akiwa peke yake hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Kundi la watu 20, lenye wapiga picha, watoto na vivuko vya barabara, likifikisha 3 limejitahidi. Njia ya kilomita 2 na nusu imeshakula dakika 50. Kukusanyika, kutambulishana na kuwasubiri wale wawili wanaochelewa kila siku, weka 15. Choo ni kimoja na kila mtu anatumia dakika 2. Hata wakienda nusu tu, 20 nyingine hizo. Zimebaki 95. Gawa kwa vituo 7, unapata dakika 13 na ushee. Ndani ya hizo 13 watu 20 waingie, wapate pa kusimama, wagawiwe, wale, wanawe mikono, watoke. Huo utamaduni unaelezwa saa ngapi?

Unaelezwa njiani, kwa kupayuka, mwongozaji akitembea kinyumenyume. Tazameni linavyokuwa kwenye kona. Anasimama, wanne wa mbele wanamzunguka, anaanza. Taa ya waenda kwa miguu imelikata kundi, kumi na mmoja bado wako ng'ambo. Wakifika, kinachowakuta ni mkia wa sentensi: "...na ndiyo maana mpaka leo wanafanya hivyo." Akina nani? Wanafanya nini? Hakuna wa kuuliza, mwavuli wa mwongozaji umeshainuliwa, twende kituo kinachofuata.

Hii kazi ina kanuni zake, na nyingi hazigharimu hata senti. Mwongozaji hafungui mdomo mpaka wa mwisho afike. Anahesabu vichwa kila anapotoka kituoni. Jua limpige yeye usoni, si wageni. Wageni wakae upande wa ukuta ili wenye mtaa wapite na mizigo yao. Kundi likizidi 12 pawe na mtu wa pili wa kufunga mkia, na likizidi 15 kila mgeni apewe kile kiredio cha sikioni cha kumsikilizia mwongozaji. Bila hivyo, wa nyuma hajalipia ziara, amelipia mazoezi ya miguu.

Na msione kwamba haya ya idadi ni roho mbaya ya mtu mmoja. Miji mikubwa imeshachoka. Barcelona ilianza mwaka 2015 kuzuia makundi ya zaidi ya watu 15 kuingia soko la La Boqueria Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, kwa sababu wenyeji walikuwa hawafiki kwenye meza za kununulia. Amsterdam mwaka 2020 iliweka kikomo cha watu 15 katikati ya mji na kupiga marufuku ziara za kupita mbele ya madirisha ya wanawake wanaouza miili. Venice mwaka 2024 ikaweka kikomo cha 25 na kukataza vipaza sauti. Kampuni zinazijua takwimu hizi vizuri. Pasipo na sheria ya kuwabana, wanajaza 25 na kuandika kwenye tangazo "kundi dogo".

Tuje kwenye chakula, maana ndicho kinachouzwa.

Kwanza, mpangilio. Anayejua kuonjesha huanza na chepesi, akapanda polepole mpaka kizito, akamalizia na kitamu. Hawa wanaanza na wanga: kitu cha unga kilichokaangwa, kinene, cha bei rahisi. Ukifika kituo cha tatu tumbo limejaa, na vituo vya gharama vilivyobaki unavitazama tu. Si bahati mbaya. Mgeni aliyeshiba mapema anakula kidogo, na anayekula kidogo anabakiza faida.

Pili, kuchelewa kunalimbikizana, na hapa ndipo panapotisha. Muuzaji wa kituo cha sita ameambiwa kundi litafika saa 7 kamili, kwa hiyo anapanga sahani 20 saa 7 kasoro dakika 10. Kila kituo kikipoteza dakika 7 tu, baada ya vituo vitano mmechelewa dakika 35. Chakula kimekaa dakika 45 wazi, kando ya barabara. Shirika la Afya Duniani linasema kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kinachosubiri kuliwa kikae juu ya nyuzi 60 au chini ya 5. Dakika 45 peke yake haijavuka mstari. Lakini wewe huoni kilipikwa saa ngapi kabla ya kupangwa kwenye sahani, na kundi la asubuhi lilibakiza nini. Basi kabla ya kutia mdomoni, shika sahani kwa chini. Kitu kinachopaswa kuwa cha moto kikiwa vuguvugu, acha, na useme kwa sauti kwa nini umeacha, wengine wasikie.

Tatu, aleji. Fomu ya kuweka nafasi ina sehemu ya kuandika, unajaza, unatulia. Mara nyingi maelezo hayo yanabaki kwenye mfumo wa wakala aliyekuuzia tiketi. Kwenye simu ya mwongozaji asubuhi kuna jina lako, idadi yenu na namba ya simu, basi. Hata akiwa nayo, analipeleka kwa muuzaji swali la kijinga: "Hiki kina karanga?" Muuzaji anajibu hapana, na hajadanganya. Swali sahihi ni: mafuta haya leo yamekaangia nini kingine? Huu upawa umetoka sufuria gani? Huu mchuzi umefanywa mzito kwa kitu gani? Protini ya karanga au ufuta haipotei kwa sababu mafuta yamechemka. Umoja wa Ulaya una orodha ya vyakula 14 ambavyo muuzaji lazima aseme kama vimo. Marekani wana 9, na ufuta uliingia humo rasmi tarehe 1 Januari 2023. Mwenye aleji kali: sindano yako ya adrenalini iwe mwilini mwako, si kwenye begi ulilomwachia mwenzio aliye mwisho wa foleni.

Asiyekula nyama naye anachezewa. Anaambiwa "tutakuandalia", akifika anapewa sahani ileile, nyama imenyofolewa, supu ya nyama imebaki. Kituo kinachofuata anaruka. Kinachofuata anapewa matunda. Amelipa sawa na wengine.

Halafu hadithi! Kila chakula "kilianza kwa bahati mbaya": mpishi alisahau chungu jikoni, askari wakaingia na njaa, mfalme akapita, akaonja, akakipenda. Hadithi hiyohiyo mtaa hadi mtaa, mji hadi mji, wanabadilisha mfalme tu. Muulize mwongozaji "umeisoma wapi?" uone macho yanavyokimbia. Na wakitaja UNESCO msibabaike. Chini ya mkataba wa 2003 wa turathi zisizoshikika, kinachoandikishwa ni desturi na ujuzi wa watu. Utamaduni wa wachuuzi wa chakula wa Singapore, kwa mfano, uliingia kwenye orodha mwaka 2020. Haikuandikishwa meza ya mchuuzi fulani. Ukiambiwa "duka hili lina cheti cha UNESCO", umeshapigwa changa la macho.

Fedha sasa. Majukwaa ya kuuzia tiketi kawaida huchukua kati ya asilimia 20 na 30. Kampuni inakata yake, mwongozaji anapata yake, kinachobaki ndicho sahani saba. Ukishajua hivyo huulizi tena kwa nini kipande chako kinaenea kwenye kijiko. Na zile "za bure, toa ukipenda" wala si za bure: kwenye nyingi, mwongozaji ndiye anayeilipa kampuni kwa kila kichwa. Ile picha ya pamoja mwanzoni mnayochekea? Si kumbukumbu yenu. Ndiyo daftari la kuhesabia vichwa.

Chungeni pia kituo ambacho hakikuwa kwenye tangazo: duka la viungo, la asali, la vikapu. "Dakika 5 tu", mnakaa 20. Dalili ya kamisheni ni mwongozaji kubaki karibu na kaunta badala ya kukaa na kundi, au mnapewa kadi yenye namba mkaionyeshe wakati wa kulipa. Zile dakika 20 zimetolewa kwenye mlo wako.

Na kuna mchezo mpya wa kuunganisha makundi. Tiketi hazikujaa, wanaunganisha wageni wa lugha mbili, mwongozaji mmoja. Kila maelezo yanasemwa mara mbili. Umelipia saa 3, umepata saa 1 na nusu ya kusikiliza na saa 1 na nusu ya kutazama mdomo wa mtu.

NYONGEZA 1, kwa mnaosema "si uende mwenyewe tu":
Hapana. Mwongozaji mzuri ana kitu usichoweza kukipata peke yako: mlango wa jikoni. Anaingia nyuma, mpishi anamjua, unauliza kwa nini unga unalazwa usiku na unajibiwa na aliyeukanda. Hilo nalipia bila kinyongo. Kabla ya kulipa andika ujumbe, usipige simu, ubaki na maandishi. Uliza: kikomo cha kundi ni watu wangapi, na ni kikomo au ni wastani? Vituo vingapi vina pa kukaa? Ni lugha moja? Muuzaji analipwa kwa kichwa au anapelekewa tu wateja? Choo kiko kituo cha ngapi? Hilo la mwisho linaonekana la kitoto, lakini ndilo linalomfichua asiyewahi kuitembea njia yake. Ziara inayoeleweka ni watu 8 hadi 10, vituo 4 au 5, saa 3 na nusu, viwili kati ya hivyo mnakaa chini. Ukiona vituo 10 kwa saa 2, kimbia.

NYONGEZA 2, kuhusu kupiga picha:
Mliotetea kuwapiga picha wenye mtaa kwa sababu "ni barabara ya umma", aliyeanika nguo barazani kwake hajaingia kwenye tiketi yenu. Mwongozaji ndiye anayepaswa kulisema hilo kabla hamjaingia kichochoro cha kwanza, pamoja na mavazi na viatu kama kuna nyumba ya ibada njiani. Akilisema mlangoni, mmeshachelewa: nusu mnabaki nje.

NYONGEZA 3, mlioomba njia ya kudai:
Piga picha ya skrini ya tangazo siku unayolipa, maana huwa wanalihariri. Siku ya ziara andika kwenye simu saa ya kufika na ya kuondoka kila kituo, na idadi ya watu. Dai ndani ya saa 24, dai kiasi na si "fidia" ya hewani. Mfano: "Tangazo linasema vituo 7 na watu wasiozidi 12. Tulikuwa 21, vituo vilikuwa 5 na kimoja cha ziada cha duka. Naomba nirudishiwe sehemu ya vituo 2 kati ya 7. Nimeambatisha picha ya tangazo na muda wa kila kituo." Tuma kwa kampuni na kwa jukwaa lililokuuzia, ujumbe uleule, siku ileile. Wakikujibu kwa kuponi ya ziara nyingine, kataa kwa maandishi. Kama ulilipa kwa kadi, peleka barua hizo benki na uombe muamala upingwe. Benki zina ukomo wa siku za kupokea madai hayo, kwa hiyo usikubali kupigwa danadana wiki baada ya wiki.