"Sikuiona pikipiki": dereva anayesema hivyo baada ya kuua, anyang'anywe leseni?

Mwana wa Njia
Jumamosi tumemzika rafiki yangu. Alikuwa upande wake wa barabara, taa imewaka mchana kweupe, gari lililokuwa linatoka mbele likakata kona na kumzibia njia. Dereva kasema neno moja tu: "Sikuiona." Na msibani watu walishaanza, eti pikipiki ni jeneza lenye magurudumu, eti vijana wanakimbia mno. Nauliza: mtu akiua kwa kutoangalia, anyang'anywe leseni kabisa, au tuendelee kuita bahati mbaya?

Kona Kali
Pole sana ndugu. Anyang'anywe, tena leo leo. Kuna utafiti wa Harry Hurt wa Marekani, mwaka 1981, alichunguza ajali za pikipiki elfu nne na ushee. Zile za pikipiki kugongana na gari, karibu theluthi mbili kosa lilikuwa la mwenye gari aliyeingia njia isiyo haki yake. 1981! Na mpaka leo anayelaumiwa ni aliyekufa.

Dereva wa Masafa
Poleni kwa msiba. Lakini msitufanye wote wauaji. Mimi ni wa lori. Ile nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele inaficha pikipiki nzima na abiria wake, na mwendo wetu ukilandana inabaki imejificha pale pale mpaka tunakaribia kugongana. Kabla ya kukata kona huwa nainama mbele, narudi nyuma kwenye kiti ili nione pande zote za ile nguzo, na bado zimewahi kunitokea ghafla. Tena kitu chembamba kikikujia usoni ni vigumu kukadiria mwendo wake. Na ninyi nanyi, wengi wenu hata breki hamjui kushika. Mnaburuza tairi la nyuma mpaka mnagonga.

Chuma Miaka 15
Eti hatujui kushika breki? Wewe wa lori unamfundisha nani? Miaka 15 niko juu ya pikipiki, mvua na jua, sijaangusha abiria hata mmoja. Na breki ya mbele siigusi. Aliyenifundisha aliniambia siku ya kwanza kabisa: hiyo itakurusha juu ya usukani.

Dada Gia
Kaka Chuma, hapo siwezi kunyamaza, maana wanaosoma hapa wapo walionunua pikipiki juzi. Ukifunga breki uzito wote unakimbilia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa chini, la nyuma linabaki jepesi, ndiyo maana linajifunga upesi na kuburuzika. Kwenye lami kavu kazi kubwa ya kuisimamisha pikipiki ni ya breki ya mbele, hata asilimia 70 na zaidi. Kinachorusha mtu ni kuikwapua. Unaibana kidogo kwanza, unasikia shokapu za mbele zinazama, ndipo unaongeza.

Na huyo Hurt aliyetajwa, ajali ambazo timu yake ilizifuata barabarani zilikuwa 900. Zile 3,600 nyingine ni taarifa za polisi. Na kuhusu waendeshaji alikuta yaleyale anayoyasema mwenye lori: wengi walibamiza breki ya nyuma mpaka tairi likateleza, ya mbele wakaitumia kidogo mno.

Kona Kali
Kwenye namba nimekubali. Lakini dada, unampa mwenye lori ushindi wa bure.

Chuma Miaka 15
Dada, sikukosei heshima. Binamu yangu alishika hiyo breki yako ya mbele kwenye changarawe, mkono ukavunjika mara mbili. Karatasi haitelezi.

Dada Gia
Kwenye changarawe, au usukani ukiwa umekata, haishikwi hivyo, na sikusema ishikwe. Karatasi? Mimi nimeanguka. Mwendo wa 40 tu, mwaka wangu wa pili. Kofia ninayo mpaka leo kabatini. Nje ina mkwaruzo mmoja, upana wa kidole gumba, ungeapa bado ni nzima. Toa kile kitambaa cha ndani uone: povu gumu limebonyea, kifundo cha kidole kinaenea humo. Povu hilo kazi yake ni mara moja, likishabonyea halirudi. Nami nilikuwa nimefunga mkanda wa kidevu. Abiria wangu hakufunga. Ya kwake iliruka kabla hajafika chini.

Mwana wa Njia
Mimi niliuliza kuhusu leseni. Nimesoma yote haya na roho inaniuma, kwa sababu nilikwenda pale alipoangukia. Kwenye lami kuna mstari mweusi mmoja. Mmoja tu, mrefu, unakwenda mpaka pale gari lilipokuwa. Sasa mnataka nikamwambie mama yake kwamba mwanawe ndiye hakujua breki?

Dereva wa Masafa
Hapana, ndugu yangu. Lile neno lilinitoka kwa hasira, nisamehe. Yeye ndiye aliyezibiwa njia. Leseni ya yule iondolewe, na akiitaka tena aanze upya kama asiyewahi kushika usukani.

Dada Gia
Usimwambie mama neno lolote la breki. Aliyekata kona ndiye aliyekileta kifo pale. Marehemu alifanya alichofundishwa, na waliofundishwa hivyo ni wengi mno.

Chuma Miaka 15
Leo alfajiri nimekwenda kwenye uwanja mtupu wenye lami kavu. Nikaweka jiwe, nikaja na mwendo wa 40, nikifika kwenye jiwe nafunga breki. Ya nyuma peke yake: hatua 24. Zote mbili, ya mbele nikiibana kama dada alivyosema: hatua 13. Nikarudia mara sita nikidhani nahesabu vibaya. Ile ya kwanza mkono ulikuwa unatetemeka. Mwana wa Njia, ule mstari ulikuwa hatua ngapi?

Mwana wa Njia
Sikuupima. Na sitaupima.