Baba amekuwa mkimya tangu aanze dawa za saratani ya mapafu: ni uchovu au sonona?

Mwana wa Mpwapwa
Shikamooni wakubwa. Baba yangu, mwenye miaka 63, huwekewa dripu ya dawa za saratani ya mapafu kila baada ya siku 21. Siku mbili tatu baada ya dripu halali kabisa. Kisha hunyamaza, hukataa hata mlenda, na juzi alisema anatumalizia mifugo bure. Tulipomtajia Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, alikasirika, akidhani tunamwona kichaa. Je, hali hii huisha yenyewe dawa zikiisha?

Muuguzi mstaafu, Ipagala
Pole kwa kuuguza. Msisubiri dawa ziishe. Kukosa usingizi siku zile za mwanzo mara nyingi huletwa na deksamethasoni, dawa ya kuzuia kutapika; mwulizeni daktari kama anaweza kuimeza asubuhi. Huzuni inayodumu wiki mbili au zaidi, pamoja na kukata tamaa, ni jambo jingine, huenda ni sonona, nayo ina tiba. Kwa kuwa saratani na dawa zake pia huchosha na kuondoa hamu ya kula, mimi hutazama zaidi kama mgonjwa bado anafurahia wajukuu, redio au mazungumzo. Ulizieni pia tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, ambayo si ya wanaokata roho tu: katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2010, waliopewa huduma hiyo mapema walipata dalili za sonona asilimia 16, wenzao asilimia 38. Kauli ile ya mifugo msiipuuze. Mwulizeni waziwazi kama anawaza kujiua, maana kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikiri, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mkazi wa Kizota
Nasi jina la Mirembe lilitushinda, mpaka tulipoomba mke wangu aonwe na mtaalamu wa afya ya akili palepale alipowekewa dripu. Alipewa fluoksetini, dawa ya sonona, na wiki tatu za mwanzo hatukuona tofauti. Hofu yake ya usiku, hata hivyo, haikuwa wasiwasi mtupu: maji yalikuwa yamejaa kifuani, na yalipotolewa alilala. Baba akihema kwa shida, apimwe kwanza.

Mwana wa Mpwapwa
Nashukuru sana. Jana nimemwuliza. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema hawazi kujiua, bali anaona aibu kuogeshwa na mkwe wake. Kaka anahamia nyumbani kesho, na kliniki ni Jumatatu.