Naomba ushauri: rangi ya deraya inapasuka na safari imekaribia

Habari zenu wapendwa. Niko Ujiji, Kigoma. Mimi na mdogo wangu tunajiandaa kwenda Dar kwenye tamasha la wikiendi la mashabiki wa anime (katuni za Kijapani), na tutavaa kama wahusika tunaowapenda. Deraya, yaani vazi la kivita la mhusika, nimeikata kwenye mkeka wa sponji ngumu wa mazoezi, nikaunganisha kwa gundi ya fundi viatu: unapaka pande zote mbili, unasubiri hadi isinate kidoleni, ndipo unabana. Viungo vimeshika vizuri mno.

Shida ni rangi. Nilipuliza ya kopo moja kwa moja, na sasa mdogo wangu akikunja mkono tu, pale kwenye kiwiko inapasuka na kubanduka vipande. Kipande kimoja nimekipaka kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Afadhali, ila mistari bado inaonekana.

Nipake nini chini ya rangi ili ikunjike bila kupasuka, kitu kinachopatikana madukani huku au Tabora? Na mliowahi kupanda treni ya reli ya kati na mavazi ya namna hii, mlifungaje vipande vya mabega visibonyezwe na mizigo? Tunasafiri daraja la tatu, na dogo kazi hii ameiweka moyoni kweli. Asanteni sana.