Bomba la vidonge vya mchaichai linaziba, naombeni ushauri

FundiKario: Habari zenu wadau. Natengeneza vidonge vya plastiki vya mikroni chache (yaani sehemu chache za elfu za milimita), ndani mna mafuta ya mchaichai, vya kupakwa kwenye shuka za kufukuza mbu. Kwa ndoo vinatoka safi. Sasa nataka kazi isiyokatika: mafuta na maji yaingie kwa pampu huku, vidonge vitoke kule. Dakika 40 tu, bomba limeziba. Nifanyeje?

MamaShuka: Mwanangu, nauza shuka soko la Gikomba, Nairobi. Zikifuliwa mara 3 harufu ikaisha, mteja atakurudia na makelele. Anzia hapo.

KemiaSouthB: Ganda ni la nini?

FundiKario: Plastiki ya kawaida.

KemiaSouthB: Ipi? Taja.

FundiKario: Melamini na fomaldehidi. Joto nyuzi 65, pH (kipimo cha uchachu) 4. Lakini dirisha huwa wazi. Na nimeshalipa deposit ya bomba refu zaidi.

KemiaSouthB: Refu litaziba vilevile. Maji ya katikati hukimbia, yanayogusa ukuta hujikokota, kwa hiyo resini (plastiki ambayo haijaganda) ya ukutani hupata muda wa kuganda na kunasa nyingine. Matone yatengenezwe kwanza, tindikali iingie baadaye, ichanganywe upesi. Na fomaldehidi iliwekwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2004 kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Unafanyia wapi?

FundiKario: Chumba cha nyuma. Watoto wanalala ng'ambo ya ukuta. Ni kwa muda tu.

BabaWawili: Nilifanya kazi ya kupiga nguo rangi Industrial Area. Macho yalikuwa yananiwasha hadi Jumapili kanisani. Hao watoto watoe leo.

Msema_Kweli: Hadithi ya kutunga hii. Ni mwanafunzi anatafuta wa kumfanyia assignment.

FundiKario: Jana nimelikata bomba kwa msumeno. Ndani mche mweupe kama chaki, katikati katundu ka kupita sindano ya cherehani. Ukiuvunja, unanukia mchaichai. Mwanafunzi gani ana deni la chama cha kukopeshana?

MamaShuka: Chama! Wenzako wanajua pesa imeenda wapi?

KemiaSouthB: Mimi namwamini, mche kama huo nimeuona kwa macho yangu. Ndugu, jaribu jelatini na gundi ya mgunga, ile ya Isiolo. Yeyusha kwa nyuzi 50, shusha pH hadi 4, kisha poza polepole. Haistahimili kufuliwa kama melamini, lakini hakuna moshi wa kuwasha macho. Na ukiandika "hufukuza mbu" kwenye lebo, pitia PCPB kwanza, bodi ya serikali ya Kenya inayosimamia dawa za wadudu.

FundiKario: Nimezima jiko. Watoto wako kwa shangazi yao. Deposit hairudishwi. Hilo bomba refu, jelatini itapita?